Kabla hujalipia mtoto wa mbwa, omba kumuona mama yake

Dar es Salaam. Tangazo huwa fupi. Picha tatu za watoto wa mbwa, namba ya simu na maneno machache: wapo wanne, wana wiki sita, wamechanjwa, bei maelewano. Linapita kwenye kundi la WhatsApp la mtaa, la kikoba, hata la wazazi wa darasa la tatu. Likishaonwa na mtoto wa miaka minane kwenye simu ya mama yake, habari ya nyumba hiyo wiki nzima inakuwa ni mbwa tu.

Kwa familia nyingi zilizohamia pembezoni mwa jiji, iwe Bunju, Goba, Mbweni, Chamazi au Toangoma, hamu ya watoto hukutana na hofu ya wazazi. Nyumba imejengwa, uzio haujaisha, jirani wa karibu yuko viwanja vitatu mbele na taa za barabarani hazijafika. Mbwa anaonekana kumaliza mambo mawili kwa mpigo: watoto wapate rafiki, nyumba ipate mlinzi.

Sina ugomvi na hilo. Ninachotaka mzazi akitazame kabla ya kutuma hela ni neno moja kwenye lile tangazo: wamechanjwa. Wamechanjwa nini? Lini? Na nani?

Maana mtoto wa mbwa wa wiki sita, hata kwa mfugaji mwaminifu kuliko wote, kwa kawaida anakuwa amepata dozi ya kwanza tu ya chanjo za utotoni, zile za kumkinga yeye mwenyewe na magonjwa kama parvo na distempa. Chanjo inayomkinga mwanao, yaani ya kichaa cha mbwa, kwa kawaida huchomwa mbwa akifikisha miezi mitatu, kisha hurudiwa kila mwaka. Kwa hiyo muuzaji anaweza kuwa anasema kweli tupu, na bado nyumba yako ikapokea mbwa asiye na kinga ya ugonjwa unaoua watu.

Watoto ndio wanaoumwa

Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia. Karibu vifo vyote hivyo hutokana na kung’atwa na mbwa. Katika kila watu kumi wanaong’atwa na mnyama anayeshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15.

Kwa Tanzania, utafiti uliochapishwa mwaka 2002 ulikadiria vifo karibu 1,500 kwa mwaka, idadi kubwa mara nyingi kuliko ile iliyokuwa ikiandikwa kwenye kumbukumbu za hospitali. Wengi hufia nyumbani, au hufika hospitali muda umeshapita. Dalili zikianza, mgonjwa kuogopa maji, kuweweseka, kushindwa kumeza, tiba ya kumrudisha hakuna.

Watoto huumwa zaidi kwa sababu ni wafupi, uso wao uko usawa wa mdomo wa mbwa, na kwa sababu ndio wanaocheza naye. Humvuta mkia, humnyang’anya mfupa, humkumbatia akiwa amelala. Na kuna sababu nyingine ambayo sisi wakubwa tunachangia: mtoto aking’atwa wakati alikatazwa kwenda kwa mbwa, mara nyingi hasemi. Anaogopa fimbo. Anafunga kidonda kwa kitambaa, anavaa suruali ndefu, na siku zinakwenda. Kirusi hicho kinaweza kukaa mwilini wiki kadhaa, kwa kawaida miezi miwili au mitatu, kabla ya dalili kutokea, na huo ndio muda ambao chanjo ingeweza kumuokoa.

Halafu kuna dhana kwamba mtoto wa mbwa hawezi kuwa na kichaa kwa kuwa ni mdogo. Si kweli. Aking’atwa na mbwa mgonjwa, au mama yake akiwa mgonjwa, anaweza kuupata na kuuleta kwako akiwa bado anatikisa mkia. Meno yake madogo kama sindano yanachubua ngozi vizuri tu.

Habari njema ni kwamba ugonjwa huu unazuilika, na hatuhitaji kwenda Ulaya kutafuta mfano. Kisiwani Pemba, kampeni za kuchanja mbwa zilikata maambukizi mwaka 2014. Ugonjwa ukaingia tena kutoka nje mwaka 2016, chanjo zikarudiwa kisiwa kizima, na kufikia 2018 ukawa umekatwa tena. Kipimo kinachotumika duniani ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo husika. Mbwa wako ni mmoja katika hesabu hiyo ya mtaa wenu.

Usipokelee mbwa kituo cha mafuta

Biashara nyingi za mbwa jijini sasa hufanyika barabarani. Muuzaji anakuelekeza mkutane kituo cha mafuta au karibu na kituo cha daladala, anafungua boksi, mtoto wako anapiga kelele za furaha, unatuma pesa kwa simu, mnaagana. Ni rahisi, na ndiyo sababu ya kuiogopa. Pale hujaona chochote isipokuwa manyoya.

Omba kwenda anakofugiwa. Mfugaji anayejiamini atakukaribisha, pengine atakuomba uvue viatu au ukanyage maji yenye jiki kabla ya kuingia bandani, na usichukie, maana anawalinda watoto wa mbwa na parvo. Anayekuja na sababu kila siku, mara nyumbani kuna wageni, mara mbwa mkubwa kasafirishwa, huyo muache.

Ukifika, mtazame mama. Wahenga wetu walipeleleza ukoo kabla ya posa, na hapa busara ni ileile. Mama mwenye afya, anayekubali kusogelewa na watu mwenyewe akiwepo, ana nafasi kubwa ya kuzaa watoto watulivu. Mama aliyekonda mbavu nje, mwenye kupe masikioni, anayejificha au kurukia kila mgeni, ameshakuambia mengi. Kumbuka pia kwamba mtoto wa mbwa hupata kinga yake ya kwanza kupitia maziwa ya mama. Mama asiyechanjwa hana kingi cha kumpa. Kwa hiyo omba kadi ya chanjo ya mama kabla hujaomba ya mtoto.

Uliza mama amezaa mara ngapi na uzao wa mwisho ulikuwa lini. Mbwa anayezalishwa mfululizo bila kupumzika anatumiwa kama mashine, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 ilitungwa kuwalinda wanyama dhidi ya mateso. Ukinunua kwa mtu wa namna hiyo kwa huruma, ili umuokoe huyo mmoja, umemlipia uzao mwingine.

Umri nao huchezewa. Mtoto wa mbwa anatakiwa kubaki na mama na ndugu zake mpaka wiki ya nane, si kwa ajili ya maziwa tu. Akicheza na ndugu zake ndipo anapojifunza kwamba kuuma kwa nguvu kunaumiza. Anayetolewa wiki ya nne au ya tano hulikosa somo hilo, na atakuja kulimalizia kwenye vidole vya mwanao. Muuzaji ana sababu ya kuharakisha: kila wiki inayoongezeka ni chakula, dawa na hatari ya kufiwa. Kwa wiki nane, meno yote ya utoto, 28, yanakuwa yameota, anatembea na kukimbia bila kuyumba, na anakula mwenyewe. Ukikuta fizi hazina meno nyuma na miguu bado inatetemeka, hizo si wiki nane hata kama umeapiwa.

Kisha mkague mwenyewe. Macho makavu yasiyo na tongo, pua isiyotiririka, masikio yasiyonuka, mkundu msafi usio na dalili za kuharisha. Tumbo lililojaa kama ngoma kwenye mwili mwembamba mara nyingi ni minyoo. Akiwapo mmoja anayeharisha au aliyelala pembeni peke yake wakati wenzake wanacheza, usichukue yeyote siku hiyo. Parvo husambaa kwa kinyesi, huua watoto wa mbwa kwa siku chache kwa kuharisha damu na kutapika, na mmoja akiwa nayo wenzake wote wako njiani. Kirusi chake hakimpati binadamu, ila kinaweza kudumu kwenye udongo miezi mingi. Kama nyumbani kwako alishakufa mbwa kwa ugonjwa huo, usilete mwingine ambaye hajamaliza chanjo.

Kadi ni zaidi ya karatasi

Kadi ya chanjo inayoeleweka ina tarehe, jina la chanjo, karatasi ndogo ya kubandika inayotoka kwenye chupa ya dawa ikiwa na namba ya toleo, tarehe ya kurudi, na saini na muhuri wa daktari wa mifugo. Kadi yenye vema tatu za kalamu na neno “tayari” haina maana.

Wapo wafugaji wanaonunua chanjo wenyewe kwenye duka la dawa za mifugo na kuchoma wenyewe. Wanabana matumizi. Shida ni kwamba chanjo nyingi zinatakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8. Ikibebwa mfukoni kutoka Kariakoo hadi Chanika kwa joto la Februari, kinachofika kwenye ngozi ya mbwa kinaweza kuwa maji tu. Sindano amechomwa kweli, kinga hana, na hakuna mtu atakayejua kwa kumtazama.

Kwa hiyo uliza jina la daktari aliyechanja na mpigie. Kwa Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, madaktari wa mifugo husajiliwa na Baraza la Veterinari, na daktari halali haoni haya kuulizwa namba yake ya usajili. Ukikwama, ofisi ya kata ina ofisa mifugo. Wengi wetu tunadhani kazi yake ni ng’ombe na kuku peke yake.

Chanjo za utotoni hurudiwa kila baada ya wiki tatu au nne mpaka mbwa afikishe wiki 16 hivi. Maana yake, ukimchukua akiwa na wiki nane, dozi zilizobaki pamoja na ya kichaa cha mbwa zinakuwa mzigo wako. Andikianeni kabisa na muuzaji: amepata nini, bado nini, na mbwa akifa ndani ya siku kadhaa za mwanzo mtafanyaje. Karatasi moja yenye majina, tarehe, kiasi kilicholipwa na saini mbili inatosha. Kisha ndani ya siku mbili mpeleke kwa daktari uliyemchagua wewe, si aliyependekezwa na muuzaji.

Kuna na makaratasi ya ukoo. Baadhi ya wauzaji husema mbwa wao wametoka Kenya na wamesajiliwa na East Africa Kennel Club ya Nairobi. Chama hicho kipo na husajili mbwa wa ukoo, kwa hiyo omba namba ya usajili na uihakiki kwao wenyewe. Lakini hata karatasi halali inakuambia babu wa mbwa ni nani. Haikuambii kama nyonga zake ni nzima, jambo linalosumbua sana German Shepherd na mbwa wengine wakubwa. Mbwa aliyevushwa mpaka anatakiwa pia awe na kibali na cheti cha afya. Kama aliingia ndani ya boksi chini ya kiti cha basi, chanjo zake nazo zitilie shaka.

Mbwa gani, kwa nyumba ipi

Hapa ndipo familia nyingi zinapovutwa na picha. German Shepherd, ambaye mitaani huitwa mbwa wa polisi, alianzishwa Ujerumani mwaka 1899 kutokana na mbwa wa kuchunga kondoo. Ni mbwa wa kazi, dume hufika kilo 30 hadi 40, na ana koti la manyoya mazito. Umfunge mnyororo mchana kutwa chini ya mwembe Tegeta, usimtembeze, usimfundishe, halafu ushangae akimrukia mtoto wa jirani aliyefuata mpira? Boerboel wa Afrika Kusini huvuka kilo 60. Mbwa wa ukubwa huo akicheza tu na mtoto wa darasa la kwanza anamwangusha.

Wenye manyoya meupe, Japanese Spitz na jamaa zake, ni wadogo na watoto huwapenda, ila kwa joto letu wanahitaji kivuli, maji muda wote na kuchanwa manyoya, la sivyo kupe hujificha humo.

Piga hesabu ya mwezi kabla ya hesabu ya kununua. Bei ya mbwa unailipa mara moja. Dona, dagaa, utumbo na mapupu unanunua kila siku kwa miaka kumi au zaidi, na juu yake chanjo za mwaka, dawa ya minyoo, dawa ya kupe, na banda lisilovuja masika. Kama bajeti ya nyumba inabanwa na ada kila Januari, mbwa wa kilo 40 ataibana zaidi. Mimi ningemwambia mzazi asimdharau mbwa wa kienyeji. Amezoea joto letu, hali sana, na akitunzwa tangu utotoni hubweka usiku kama mwingine yeyote. Mashariti ya chanjo na kadi hayabadiliki kwake, hata kama umepewa bure na jirani.

Na kabla ya yote, waulize majirani. Kama mnaishi nyumba ya kupanga yenye uwanja mmoja, mwenye nyumba aseme kwanza. Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafi, ambayo mate ya mbwa ni najisi na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mbwa wa ulinzi anaruhusiwa, ila mbwa anayezurura na kulamba ndoo za watu kwenye bomba ni ugomvi unaoukaribisha mwenyewe. Uzio umalizike kwanza, mbwa aje baadaye.

Minyoo kwenye mchanga

Watoto wengi wa mbwa huzaliwa tayari wana minyoo, kwa kuwa huipata wakiwa tumboni mwa mama. Mayai yake hutoka na kinyesi, hukaa kwenye udongo wiki chache yakikomaa, kisha mtoto anayechezea mchanga na kutia vidole mdomoni huyameza. Viluwiluwi vyake huzunguka mwilini na vikifika kwenye jicho vinaweza kuharibu uwezo wa kuona. Aina nyingine ya minyoo ya mbwa huingia kwa kutoboa ngozi ya nyayo na kuchora mstari mwekundu unaojipinda na kuwasha. Kwa nyua zetu za mchanga na watoto wasiopenda kandambili, hili si jambo la mbali.

Dawa ya minyoo huanza mbwa akiwa na wiki mbili, hurudiwa kila wiki mbili mpaka wiki 12, kisha kila mwezi mpaka miezi sita. Muuzaji awe na tarehe hizo. Kinyesi kiokotwe kila siku na kufukiwa mbali na wanapocheza watoto. Mikono ioshwe kwa sabuni baada ya kumshika mbwa, na sahani yake isiwe ile iliyotolewa kabatini.

Mtoto wa chini ya miaka mitano asiachwe peke yake na mbwa, hata dakika mbili za kwenda kuzima jiko. Wakubwa kidogo wafundishwe kutomgusa akila, akilala au akiwa na watoto wake.

Akiuma

Waambie watoto wako leo, kabla hata mbwa hajafika: ukikwaruzwa au kung’atwa na mbwa yeyote, wa kwetu au wa njiani, njoo useme, hutachapwa. Kisha timiza ahadi hiyo.

Akija, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15 kamili, tazama saa. Usipake chumvi, pilipili, mafuta ya taa wala dawa ya mizizi. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo hata kama ni mchubuko. Chanjo kwa binadamu hutolewa kwa dozi kadhaa kwa tarehe zilizopangwa, na jeraha likiwa na damu daktari anaweza kuongeza sindano ya kinga kwenye kidonda chenyewe. Dozi zisikatishwe kwa sababu mtoto anaonekana mzima.

Mbwa asiuawe kwa hasira kama anaweza kufungwa salama. Mbwa aliyeambukiza kwa mate yake kwa kawaida huonyesha dalili au hufa ndani ya siku 10, kwa hiyo kumtazama siku hizo humsaidia daktari kuamua, huku mtoto akiwa ameshaanza chanjo. Akifa, usimzike wala kumshika kwa mikono mitupu. Mwite ofisa mifugo. Sampuli ya ubongo ndiyo hupimwa kuthibitisha ugonjwa, na maabara ya taifa inayofanya kazi hiyo, Wakala ya Maabara ya Veterinari Tanzania (TVLA), iko hapahapa Temeke, pale abiria wa daladala wanapopaita Veterinari.